Mwiba wa kirusi cha korona: mtego unaofyatuka mara moja tu

Ndugu uliyeuliza kama ni kweli kirusi cha korona huunganisha seli zikawa donge moja, na inakuwaje kinabadilika kila mara bila kupoteza uwezo huo: nimekuza seli maabara kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nijibu kwa niliyoyaona.

Jaribio letu halikuhitaji kirusi chenyewe. Kundi moja la seli tulilipa jeni ya mwiba peke yake, yaani protini inayochomoza juu ya kirusi. Kundi la pili lilikuwa na ACE2, kipokezi ambacho mwiba hukishika. Tukazichanganya jioni. Asubuhi nikadhani nimeziharibu, maana mipaka kati ya seli ilikuwa imefutika. Nilipotia rangi ya viini nikahesabu zaidi ya ishirini ndani ya utando mmoja! Seli za namna hiyo, zenye viini vingi, zimeonekana pia katika mapafu ya watu waliofariki kwa UVIKO-19.

Sasa inavyofanyika. Mwiba ni minyororo mitatu inayofanana iliyoshikamana, kila mmoja una asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 1,273. Sehemu ya juu, S1, hushika kipokezi. Ya chini, S2, huunganisha tando. Mimi huielewa S2 kama mtego uliokwisha tegwa: nguvu yake iliwekwa humo tangu protini ilipokunjwa, na S1 imeukalia kama kabari. Kabari haitoki mpaka ikatwe. Kimeng'enya furini hukata kwanza, mpakani mwa S1 na S2, wakati kirusi kipya kinaundwa. Mkato wa pili hufanywa na kimeng'enya kingine, TMPRSS2, juu ya seli inayovamiwa, au na kimeng'enya kathepsini ikiwa kirusi kimemezwa ndani ya kifuko. S1 ikibanduka, S2 hufyatuka: hujinyoosha, huchoma ncha yake kwenye utando wa seli, kisha hujikunja katikati hadi tando mbili, ambazo kwa kawaida husukumana, zinabanwa na kuwa moja. Kinachobaki ni fungu la helisi sita (nyuzi zilizojipinda kama springi), gumu, lisiloweza kutegwa tena.

Fungu hilo la helisi sita utalikuta pia kwenye virusi vya mafua, VVU na Ebola. Hata kondo la nyuma la binadamu huunganisha seli zake kwa sinsitini, protini tuliyorithi kutoka virusi vya kale. Kila nikilikumbuka hilo nastaajabu.

Kuhusu kubadilika: S1 ndiyo inayoonwa zaidi na kingamwili, kwa hiyo hubadilika upesi. S2 haina nafasi hiyo. Ukigusa sehemu zake vibaya, mtego haufyatuki, au unafyatuka kabla ya kufika kwenye seli. Lakini kifyatulio hubadilika. Delta ilikuwa na badiliko la P681R, jirani kabisa na pale furini inapokata, na iliunganisha seli kwa kasi zaidi. Sisi tulipoliondoa eneo hilo la furini, sahani nzima ilikuwa na seli mojamoja, madonge ya kuhesabika. Omikroni ya mwanzo nayo iliitegemea TMPRSS2 kidogo na kuunganisha seli kidogo, ila ikasambaa kuliko Delta. Kwa hiyo usimsikilize anayesema kirusi kinachounganisha sana ndicho kinachoenea sana.

Uliuliza pia chanjo zinahusikaje. Mwiba ukishafyatuka huficha au kupoteza maeneo ambayo kingamwili nzuri hulenga. Watafiti waliokuwa wakishughulikia MERS, ugonjwa wa kirusi kingine cha korona, walionyesha mwaka 2017 kwamba ukiweka prolini mbili, asidi amino ambazo ni ngumu kupinda, pale S2 inapotaka kujinyoosha, mwiba hubaki umetegwa. Katika kirusi cha UVIKO-19 nafasi hizo ni 986 na 987, na chanjo za Pfizer na Moderna ziliubeba mwiba ukiwa na prolini hizo mbili.