Unaanza kutathmini hatari za mahandaki ya barabara? Anza na swali

Wengi wanaoingia kazi hii huanza na jedwali: uwezekano mara madhara, rangi nyekundu, njano, kijani, halafu ndipo watafute pa kuipeleka ripoti. Wewe anza upande wa pili. Andika kwanza swali ambalo mwenye handaki anatakiwa kulijibu. Milango ya dharura iwe kila baada ya mita ngapi? Malori ya mafuta yapite saa zote au usiku tu? Kama majibu yatabaki yale yale hata tathmini isipofanyika, umejaza makaratasi.

Chukua hiyo milango. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2004 linasema umbali kati ya mlango na mlango usizidi mita 500. Sasa moto umezuka mbele ya mlango mmoja, na mtu yuko hapo hapo. Itambidi arudi hadi mlango wa nyuma, mita zote 500, akipapasa ukuta ndani ya moshi. Mpe mwendo wa nusu mita kwa sekunde: ni sekunde 1,000, karibu dakika 17. Milango ikiwa kila mita 250, ni dakika 8 na kitu. Ongeza na muda anaokaa garini akisubiri kuambiwa la kufanya, maana watu hukaa kweli. Hesabu hiyo iweke mezani mbele ya anayelalamikia gharama ya kuchimba.

Usidanganywe na orodha ya shehena hatari. Lori lililowaka katika handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, tarehe 24 Machi 1999, lilibeba majarini na unga. Watu 39 walikufa. Na mwaka 2003, katika majaribio ya moto ndani ya handaki la Runehamar kule Norwei, shehena ya mbao na plastiki ilitoa moto wa megawati 200 hivi. Ukikadiria moto wa lori kwa megawati 30 kwa sababu "halina petroli", jieleze vizuri.

Jambo linalonipotezea usingizi kuliko yote ni foleni. Handaki la njia moja lenye feni zinazosukuma hewa kuelekea magari yaendako hufanya kazi vizuri: walio mbele ya moto wanaendesha na kutoka, walio nyuma wanabaki kwenye hewa safi. Weka foleni ya jioni kwenye lango la kutokea, na feni zile zile zinawamwagia moshi watu waliokwama. Kwa hiyo uliza foleni huwa saa ngapi kwa siku kabla hujagusa programu yoyote. Huenda taa ya kuzuia magari langoni ikafaa kuliko feni mpya, na bei yake ni ndogo mno.

Wastani nao uutazame kwa jicho kali. Kifo kimoja kila mwaka na vifo 50 kwa mpigo kila baada ya miaka 50 hutoa wastani ule ule, lakini hakuna waziri atakayeyachukulia sawa. Onyesha yote mawili.

Halafu nenda chumba cha udhibiti, zamu ya usiku. Mont Blanc ilikuwa na vyumba viwili, kimoja kila nchi. Muulize aliyeko zamu: akiona moshi kwenye skrini, anaruhusiwa kufunga handaki mwenyewe, au lazima ampigie bosi kwanza? Dakika za simu hiyo ziingize kwenye hesabu.