Breki ya Diski ya Nyuma Inayong'ang'ania: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Coventry, Uingereza, na nimenunua pikipiki aina ya Triumph Bonneville T140V ya mwaka 1977 iliyokuwa imelazwa gereji kwa miaka mingi. Breki ya mbele ninaiamini, lakini ya nyuma inanitia wasiwasi. Ninapoanza safari gurudumu huzunguka vizuri. Baada ya maili chache pedali huwa ngumu, gurudumu hukaza na diski hupata moto kiasi cha kutogusika. Nikiiacha ipoe, breki hujiachia yenyewe. Siku za mvua nikikanyaga, kwanza ni kama hakuna breki, kisha hushika kwa ghafla. Rafiki yangu amenishauri niing'oe kalipa ya zamani, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, nifunge ya kisasa yenye pistoni nne. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msomaji, ninakusihi usifunge kalipa hiyo. Pikipiki inapofunga breki, uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma hubaki likiigusa barabara kwa wepesi, kwa hiyo nguvu ya ziada nyuma italifunga gurudumu na kuliacha liteleze kabla hujapata faida yoyote. Kalipa ya Lockheed iliyofungwa kiwandani Meriden, si mbali na hapo ulipo, ina pistoni mbili zinazotazamana, na kwa diski ya inchi 10 iliyo nyuma inatosha kabisa ikiwa nzima. Unachokihitaji ni breki inayoshika taratibu kadiri unavyokanyaga na kuachia mara unapoinua mguu.

Dalili ulizozieleza zinaonyesha mahali pa kuanzia. Mafuta ya breki yakipata joto hutanuka, na yanapaswa kurudi kwenye kikopo chake kupitia tundu dogo sana lililo ndani ya masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta unapokanyaga pedali. Tundu hilo likizibwa na uchafu, au pistoni ya masta silinda isiporudi hadi mwisho kwa sababu kijiti cha pedali kimekazwa kupita kiasi, mafuta hukosa njia, nayo breki hujikaza yenyewe, hupata joto zaidi na kujikaza tena. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, sukuma pedali kwa mkono uone kama ina mchezo mdogo kabla kijiti hakijaigusa pistoni. Kama haina, rekebisha urefu wa kijiti kwanza. Fundi wengi hukimbilia kalipa wakati tatizo liko hapo.

Mchezo ukiwepo na tatizo likaendelea, chunguza masta silinda, mpira wa breki (bomba linalopeleka mafuta kwenye kalipa) na kalipa kwa pamoja. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani, ukapitisha mafuta mguu unapokanyaga na kuyazuia yasirudi. Kalipa nayo ina udhaifu wake: katika miaka ya mwanzo ya breki hii, iliyoanza na matoleo ya mwaka 1976, ilining'inia chini ya mkono wa gurudumu la nyuma, ikipokea maji, chumvi na tope lote la barabara, na baadaye kiwanda chenyewe kiliihamishia juu.

Unapoifungua, tumia pedali yenyewe kuzisukuma pistoni nje kabla hujaukata mpira wa breki, huku ukiizuia kwa kipande cha mbao ile inayotangulia ili nyingine nayo ipate kutoka. Usitumie upepo wa kompresa, kwa maana pistoni inayoruka inaweza kuvunja vidole. Pedi za enzi hizo huenda zikawa na asbesto, kwa hiyo vumbi lake lifutwe kwa kitambaa kibichi, kamwe lisipulizwe.

Sasa tazama ndani ya kalipa kwa tochi. Mpira wa kuzibia, ule wenye umbo la mraba, hukaa kwenye mfereji uliochongwa ukutani, na ndio unaoirudisha pistoni nyuma kidogo unapoachia pedali, kwa sababu hujipinda nayo inapotoka na kujinyoosha tena. Kutu nyeupe au ya kahawia ikijijenga nyuma ya mpira huo, huubana dhidi ya pistoni, na pistoni hairudi. Kubadilisha mpira bila kuukwangua mfereji hadi uwe safi ni kazi bure, na hili ninalisisitiza kwa sababu kazi nyingi za namna hii huharibikia hapo hapo. Pistoni za asili zilipakwa kromu. Zikiwa na vishimo, weka za chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu mvua, lawama ni ya kromu iliyopakwa kwenye diski, ambayo huteleza inapolowa. Mpelekee fundi wa mashine aisage pande zote mbili kwa usawa hadi chuma chenyewe kionekane, mradi unene usishuke chini ya kipimo kilichowekwa. Itashika kutu usiku kucha ikilala nje, na pedi zitaifuta mara chache za mwanzo utakapokanyaga. Chagua pedi laini, kwa kuwa zile ngumu zenye unga wa chuma huila haraka diski ya aina hii.

Kama bado unataka kuiboresha, weka mpira wa breki uliosukwa kwa nyaya za chuma pamoja na waasha mpya za shaba. Masta silinda ndogo zaidi pia huongeza nguvu: ukitoka kipenyo cha milimita 16 kwenda 14, shinikizo hupanda kwa takriban asilimia 30, lakini pedali nayo itasafiri zaidi kwa kiwango hicho hicho. Kwa breki ya nyuma mimi nisingefanya hivyo. Wakati wa kutoa hewa iliyonaswa kwenye mafuta, ifungue kalipa na uigeuze ili nipeli yake, ile skrubu ya kutolea hewa, iwe juu kabisa, ukiweka kipande cha mbao chenye unene wa diski katikati ya pedi. Na kwa kuwa tangu Mei 2018 magari na pikipiki za Uingereza zilizopita miaka 40, zisizobadilishwa sana, hazilazimiki kukaguliwa kila mwaka, ukaguzi huu umebaki mikononi mwako.

SWALI: Nina Honda ya zamani hapa Nairobi, na mafuta ya breki yamebabua rangi ya fremu. Nimeambiwa mafuta ya breki ya aina ya DOT 5 hayaharibu rangi. Je, niongezee juu ya yaliyomo?

JIBU: Hapana. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Kuitumia kunahitaji kufungua mfumo wote, kuusafisha na kuweka mipira mipya. Ni kweli hainyonyi maji, lakini maji yakiingia hutuama kwenye kalipa na kuleta kutu pale pale, na viputo vya hewa hukwama ndani yake hadi pedali ikawa laini. Usidhani pia kuwa ni sawa na DOT 5.1, ambayo licha ya namba yake ni ya jamii moja na DOT 4. Baki na DOT 4, ambayo ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, na ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Tone likidondokea fremu, limwagie maji mengi papo hapo.