Ujasiri wa Kuishi kwa Uamuzi Wangu Nitaupata Wapi?

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 31 na nimeajiriwa katika kitengo cha uhasibu. Tangu utotoni napenda kubuni michoro ya vitambaa, na droo yangu imejaa michoro ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Ndugu zangu husema ninapoteza muda. Kila ninapotaka kuamua jambo huwauliza wote, na mwisho sifanyi lolote. Natamani kuacha kazi nijitegemee, lakini naogopa. Ujasiri unapatikana wapi?

JIBU: Dada yangu, barua yako imenigusa, hasa habari ya ile droo. Unauliza ujasiri unapatikana wapi, kana kwamba ni lazima uupate kwanza ndipo utende, ilhali kwa watu wengi hofu hupungua baada ya kutenda. Wataalamu wa saikolojia wanaotibu hofu kali humkutanisha mgonjwa na kile anachokiogopa, kidogo kidogo, kwa sababu anayekwepa hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomzoesha kukwepa tena. Kila unapoutoa mchoro ukitaka kumwonyesha mtu, kisha ukaurudisha na kuifunga droo, moyo wako hutulia, lakini safari inayofuata kuutoa huwa kugumu zaidi.

Kuhusu ndugu zako, usijilaumu kwa kutikiswa na maneno yao. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, nchini Marekani, aliwaonyesha watu mistari na kuwataka waseme ni upi unaolingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi, lakini wenzao waliokaa nao chumbani walikuwa wamepangwa kutoa kwa pamoja jibu lisilo sahihi, na takriban theluthi moja ya majibu ya wale waliokuwa wakijaribiwa ilifuata kosa la wengi. Linalokuhusu zaidi ni kwamba alipowekwa mtu mmoja tu aliyetoa jibu sahihi, idadi ya waliofuata mkumbo ilishuka sana. Kwa hiyo huhitaji kuishawishi familia nzima. Unahitaji mtu mmoja anayeiona kazi yako kwa macho yake mwenyewe.

Chagua mchoro mmoja, umalize, kisha umpelekee mtu anayeijua kazi hiyo, kama vile mchapaji wa vitambaa au fundi cherehani mzoefu. Usimwulize kama unafaa kuwa mbunifu, kwa maana swali hilo ni la kuomba ruhusa. Mwulize rangi zipi zitapotea kitambaa kikifuliwa, na kama pambo litaungana vizuri linapojirudia. Ubunifu hukua kwa maswali ya namna hiyo, na kwa wingi wa kazi zilizokamilishwa, hata zile zisizopendeza.

Kuacha kazi sasa sikushauri. Albert Einstein alikuwa mwajiriwa wa ofisi ya hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, mjini Bern, Uswisi, kuanzia mwaka 1902 hadi 1909, na makala zake za mwaka 1905 zilizoitikisa fizikia alizichapisha akiwa bado mtumishi wa ofisi hiyo. Mshahara unakupa uhuru wa kukataa kazi mbaya na kukosea bila kulala njaa, na kwa maoni yangu huo nao ni sehemu ya kujitegemea. Ukianza kupata wateja wanaorudi wenyewe, mwezi baada ya mwezi, hapo tutakuwa na jambo la kuzungumza.

Wala sikuambii uwape ndugu zako kisogo. Endelea kuwasikiliza, ila badilisha mpangilio: amua kwanza, kisha wajulishe. Waambie kwa upole, "Nimeamua kuupeleka mchoro huu kwa mchapaji; naomba mniombee heri." Wakipinga, washukuru kwa kukujali, na uupeleke siku ile ile uliyoipanga.