Beki amfuate mtu wake mpaka wapi?

Vijana ninaowafundisha mpira hapa Chake Chake huamini kwamba beki akiambiwa akabe mtu kwa mtu, kazi yake ni kumwandama mshambuliaji popote aendapo. Imani hiyo hutugharimu magoli mengi kuliko udogo wa miili yao, na naona tumeipanda sisi walimu, tunaosimama pembeni tukipiga kelele, “Mfuate, mfuate!” bila ya kueleza mwisho wa safari.

Beki asimame baina ya mtu wake na goli, bega likiwa limegeuka kidogo ili amwone mtu na mpira kwa pamoja, kwa sababu anayeutazama mpira peke yake humpoteza mtu mgongoni, na anayemtazama mtu peke yake hushtukia pasi imeshafika. Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, anaweza kumwachia nafasi ya hatua kadhaa. Unapokaribia, nafasi hiyo ipungue hadi mkono uweze kumgusa. Kumgusa tu, maana kumvuta fulana ndani ya eneo la hatari ni penalti.

Mshambuliaji mjanja anaposhuka katikati, mara nyingi hautaki mpira, bali analitaka pengo litakalobaki nyuma ya beki aliyemfuata. Hapo beki wa kati abakie mahala pake, amwite kiungo kwa jina na kumkabidhi mtu huyo. Mazoezini huwachezesha watatu kwa watatu kwenye kiwanja kidogo, kila mmoja na mtu wake, na asiyetamka jina wakati wa kukabidhiana hutoka nje. Walio kimya kwa tabia hupata taabu sana mwanzoni.

Ukabaji huu pia humfunga mkabaji. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1966, Franz Beckenbauer wa Ujerumani Magharibi, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alipewa kazi ya kumkaba Bobby Charlton wa Uingereza. Wote wawili wakamezana, na Uingereza ikashinda 4-2 baada ya muda wa nyongeza. Ndiyo maana simpi kazi hiyo mpigaji pasi wangu bora, hata kama ndiye mwenye mbio zaidi. Humpa mwenye pumzi na asiyekasirika upesi.

Kwenye kona hukaba mtu kwa mtu moja kwa moja, isipokuwa mchezaji mmoja anayelinda mlingoti wa karibu bila ya kumfuata yeyote. Majina hugawiwa chumbani kabla ya mechi, si wakati mpira umeshawekwa kwenye kibendera.