Ukipangwa kikosi B, usikae kama mgeni

Nilikuwa na miaka 19 siku nilipoambiwa nihamishe vitu vyangu. Wiki mbili nzima nilikuwa nimefanya mazoezi na wakubwa, nimekaba vizuri, kocha mkuu amenipiga begani mara mbili, na moyoni nilishajiona nimevuka. Jumatatu asubuhi karatasi ikabandikwa mlangoni. Nikasoma orodha ya kwanza kutoka juu hadi chini, nikarudia tena, jina langu halimo. Lilikuwa kwenye karatasi ya pili, ya kikosi B, yaani timu ya akiba ya klabu. Nikazibeba daluga zangu mkononi, nikapita katikati ya wenzangu bila kumtazama mtu usoni.

Nilicheza kikosi B misimu mitatu, na mmoja mzima kati ya hiyo niliupoteza kwa kununa. Naandika haya kwa ajili ya kijana aliyesoma karatasi kama ile wiki hii, na kwa ajili ya wazazi wake pia.

Kununa kwangu hakukuwa kwa kelele. Nilifika kwa wakati, nilikimbia nilipoambiwa kukimbia. Ila kila mechi ya kikosi B niliihesabu kama adhabu, kitu cha kumaliza nirudi kusubiri. Tukifungwa sikuumia. Nikipewa namba isiyo yangu kwa sababu beki wa kikosi cha kwanza anayetoka kwenye majeraha ameletwa apate dakika, nilicheza kama mtu anayefanya hisani. Kosa lenyewe ni hilo, na ni gumu kuonekana kwa kuwa kwa nje unaonekana una nidhamu.

Aliyenitoa huko alikuwa mzee aliyetunza vifaa vya klabu. Jioni moja, akikunja jezi, aliniuliza kama naijua Castilla. Sikuijua. Akanieleza kwa utulivu, na tangu siku hiyo nimeisoma habari ile mara nyingi.

Castilla ni kikosi B cha Real Madrid. Ilianzishwa kwa jina hilo mwaka 1972, ikachukua nafasi ya Plus Ultra, klabu ndogo ya Madrid iliyokuwa ikiwalea vijana wa Real. Msimu wa 1979-80 ilikuwa daraja la pili, na wakati huo timu za akiba ziliruhusiwa kucheza Kombe la Mfalme la Hispania. Vijana wale waliing'oa Hércules, wakaing'oa Athletic Bilbao, kisha Real Sociedad, timu iliyomaliza ligi kuu msimu ule katika nafasi ya pili ikiwa imepoteza mechi moja tu, halafu Sporting Gijón iliyomaliza ya tatu. Timu nne za ligi kuu. Tarehe 4 Juni 1980 wakaingia fainali Santiago Bernabéu, na waliosimama upande wa pili walikuwa Real Madrid wenyewe, kaka zao wa kikosi cha kwanza.

Walifungwa 6-1. Juanito, Santillana na Vicente del Bosque wa kikosi cha kwanza wote waliwafunga. Mzee hakunificha hilo, wala hakulipamba. Alichotaka nikione ni njia waliyopita kufika pale. Ukiwa na fikra kwamba mechi za kikosi B ni za kupitisha muda, huitoi Real Sociedad.

Na haikuishia hapo. Kwa kuwa Real Madrid walikuwa mabingwa wa ligi na wangecheza Kombe la Mabingwa, nafasi ya Kombe la Washindi barani Ulaya, lililochezwa na waliotwaa vikombe vya nchi zao, ilikwenda kwa Castilla. Septemba 1980 wakaifunga West Ham 3-1 Madrid. Mashabiki wa West Ham walifanya fujo siku ile, kwa hiyo mechi ya marudiano London ikachezwa milango imefungwa, wakihesabiwa watu 262 tu ndani ya uwanja. Baada ya dakika 90 West Ham walikuwa mbele 3-1, jumla 4-4, na muda wa nyongeza ukawamaliza vijana: 5-1. Mimi hubaki nikiifikiria mechi hiyo ya pili. Uwanja mtupu, sauti ya mpira ukigonga mguu inasikika hadi jukwaani. Mechi zetu nyingi za kikosi B zilikuwa na sauti hiyohiyo, na mimi nilikuwa naichukulia kama dalili kwamba hazina maana.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: mechi ya kikosi B ni mechi. Iandae kama mechi. Lala mapema, mjue mpinzani, umia mkifungwa. Kocha wa kikosi cha kwanza haangalii tu nani ana kipaji, kwa sababu waliofika hapo wote wanacho. Anaangalia nani anacheza kwa moyo mbele ya viti vitupu.

La pili nililijifunza mazoezini. Kazi mojawapo ya kikosi B, ambayo watu wa nje hawaijui, ni kuigiza mpinzani ajaye wa kikosi cha kwanza. Mnaambiwa: Jumamosi wanacheza na timu inayokaba juu na kupitisha mipira pembeni, kwa hiyo leo nyinyi ndio timu hiyo. Mwanzoni niliichukia kazi hii. Msimu wa pili nikaanza kuiomba. Siku moja nikapewa kuwa winga wa kulia wa wapinzani, mtu anayependa kuingia ndani kwa mguu wa kushoto. Nilimwangalia kwenye video usiku mzima: anashusha bega la kulia kabla ya kukata, kila mara. Kesho yake nikamfanyia hivyo beki wetu wa kushoto wa kikosi cha kwanza mara tano, na mara tatu nikampita. Baada ya mazoezi kocha msaidizi akaniita, akaniuliza, "Wewe mwenyewe ungemkaba vipi?" Nikamjibu: nampa njia ya nje, namnyima ya ndani, sirushi mguu kabla bega halijashuka. Wiki tano baadaye beki yule alipoumia, niliitwa mimi. Katika maisha yangu nilicheza mechi nne za kikosi cha kwanza, na ya kwanza ilitoka kwenye jibu lile.

Kwa hiyo jifunze kazi ya mtu aliye mbele yako kwa undani kuliko anavyodhani unaijua. Nafasi ikija haitoi muda wa kuelekezwa. Emilio Butragueño alikuwa kijana wa Castilla alipoingizwa baada ya mapumziko kule Cádiz, tarehe 5 Februari 1984, Real Madrid wakiwa nyuma 2-0. Alifunga mawili, wakashinda 3-2. Manolo Sanchís alikuwa ameshapandishwa Desemba iliyotangulia, Murcia, na siku yake ya kwanza alifunga bao pekee la mechi. Wakati huohuo Castilla ilimaliza msimu ule ikiwa bingwa wa daraja la pili. Haikupanda, kwa kuwa timu ya akiba hairuhusiwi kucheza daraja moja na klabu mama yake. Ya pili ilikuwa Bilbao Athletic, nayo kikosi B, nayo ikabaki. Walipanda waliokuwa nyuma yao.

Sheria hizo zinauma, na kijana anapaswa kuzijua mapema. Bayern München II walitwaa ubingwa wa daraja la tatu Ujerumani mwaka 2020 wakabaki palepale. Jong Ajax walikuwa mabingwa wa daraja la pili Uholanzi mwaka 2018, wakapanda wengine. Hispania iliziondoa timu za akiba kwenye Kombe la Mfalme tangu msimu wa 1990-91, kwa hiyo fainali kama ile ya 1980 haitatokea tena. Kikosi B kina dari. Timu yako haitaivunja, ila wewe mwenyewe unaweza kuipita, na ndiyo maana usijilinganishe na msimamo wa ligi.

Mwangalie pia kocha wako. Vijana wengi humwona kocha wa kikosi B kama mlinzi wa geti. Mwaka 2007 Pep Guardiola alipewa Barcelona B iliyokuwa daraja la nne, akaipandisha, na kiangazi cha 2008 alipokabidhiwa kikosi cha kwanza akapanda nao Sergio Busquets na Pedro. Zidane naye alitoka Castilla kwenda kukiongoza kikosi cha kwanza Januari 2016. Anayekufundisha leo kwenye uwanja wa pembeni huenda kesho ndiye anayepanga kikosi, na atawakumbuka waliomfanyia kazi.

Sasa mkataba, na hapa naomba unisikilize sana. Klabu niliyoichezea haikunidhulumu kwa makusudi, lakini nilisaini bila kuuliza, na nikalipia. Nilichanika msuli wa paja nikiwa na miaka 22, mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha. Hakuna mstari uliosema nani analipia matibabu baada ya tarehe ile. Tarehe ikafika, nikakabidhi jezi nikichechemea. Uliza kabla ya kusaini: mwisho wa umri wa kikosi B ni upi, nikiuvuka nakuwa nani, nikicheza kikosi cha kwanza mshahara unabadilika au la, nikiumia siku ya mwisho ya mkataba nani ananitibu, na je, naweza kwenda kwa mkopo nikitaka. Majibu yaandikwe. Maneno ya ofisini yenye tabasamu hayatibu paja. Na kama klabu inakupa nafasi ya kusoma, soma. Mimi nilisoma cheti cha ukocha jioni, ndicho kinachonilisha leo.

Kwa wazazi nina jambo moja tu. Mama yangu alinipigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili aliuliza, "Mwanangu, utapanda lini?" Aliuliza kwa upendo, lakini nilikuwa naliogopa swali lile kuliko kocha. Mwishowe nilimwambia, kwa adabu, kwamba linanilemea. Jumapili iliyofuata akauliza, "Jana mmecheza na nani?" Nikamsimulia mechi nzima, kona kwa kona, nani alikosa, nani aliokoa mstarini, mimi nilipandaje na krosi ile ya dakika ya 70, hadi nikasikia pumzi yake imebadilika. Alikuwa amesinzia simu ikiwa sikioni, nami nikaendelea kidogo mpaka filimbi ya mwisho.