Benyamini si jina la mkosi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ni kweli, kama anavyosema mama mkwe wako, kwamba mtoto asiitwe Benyamini kwa kuwa mama wa Benyamini wa kwanza alifia kwenye uzazi.

Kisa ni cha kweli, ila mama ameishia katikati. Fungua Mwanzo 35. Raheli alishikwa na uchungu njiani, wametoka Betheli wanaelekea Efrathi, ndiyo Bethlehemu. Mkunga akamwambia asiogope, amepata mwana mwingine wa kiume. Naye anakata roho, akamwita Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo, aliyemtumikia mkwewe miaka saba mara mbili kwa ajili ya mwanamke huyo, hakulikubali. Msiba ungali mbichi, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Basi kama kuna mkosi, ulikuwa kwenye Benoni, na jina hilo baba alilikataa. Kina Shida, Tabu na Masumbuko wa huku kwetu hawakumpata wa kuwabadilishia, na wengi wao wanaishi vizuri tu.

Kuume kwa Waebrania ni upande wa nguvu na heshima. Yamini tunayokula tukiapa ina asili hiyo hiyo, sisi imetufikia kwa njia ya Kiarabu. Wako pia wanaolifasiri jina hilo "mwana wa kusini", kwa sababu ukielekea mawio ya jua, kuume kwako ni kusini. Nami naona lina mantiki: kaka zake walizaliwa Padan-aramu huko kaskazini, yeye peke yake akazaliwa Kanaani.

Kinachonichekesha ni kwamba kabila hilo la mkono wa kuume lilijaa mashoto! Ehudi aliyemuua Egloni, mfalme wa Moabu, alikuwa shoto, upanga kaufunga paja la kulia chini ya nguo. Na Waamuzi 20 inataja mashoto 700 waliokuwa wakirusha jiwe kwa kombeo wasikose hata unywele. Kwa hiyo mume wangu huyo mdogo akija kushika kijiko kwa kushoto, msimchape.

Mfalme Sauli alikuwa Mbenyamini, na Mtume Paulo vilevile. Waislamu nao wanamjua kama Bunyamini, nduguye Yusufu. Na Benjamin Mkapa wetu, kijana wa Lupaso, Masasi, aliongoza nchi hii kuanzia 1995 hadi 2005. Mashabiki wa Simba wakiimba "Kwa Mkapa hatoki mtu", yaani kwenye uwanja wa mpira wenye jina lake, mwenye mkosi ni timu ngeni.

Mama mkwe wako usibishane naye. Msomee sura yote taratibu, anapenda kusomewa.

Ila amueni mapema kama ni Benjamin au Benyamini, muandike hivyo hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kliniki na shuleni. Herufi moja ikipishana, ukubwani atahangaika na viapo kwa mawakili.

Mpe pole na hongera mzazi. Nakuja na mchele.

Mama yako