Kwa mnaoanza kazi huku kwetu Zanzibar: maswali ya watu na maneno ya afisini

Wewe unaeanza kazi mwezi huu, iwe wizarani, skuli, hospitali au hoteli za shamba, yani nje ya mji, kazi yenyewe utafundishwa tu, ukikosea utaelekezwa na siku zikienda utaizoea. Lakini hii habari ya kuulizwa mambo yako na kusemwa hakuna anaekuweka kitako akakwambia, na nimeona vijana wazuri, wenye vyeti vyao na bidii zao, wakiomba uhamisho au wakiacha kazi kabisa kwa sababu ya maneno ya watu, kazi yenyewe ilikuwa haijawashinda hata kidogo. Inaniuma, ndo mana naandika.

Kwanza ujue uko wapi. Unguja na Pemba pamoja sensa ya 2022 ilituhesabu kama watu milioni 1.9 tu, na wengi wetu ukikaa nao kwenye daladala kutoka Darajani mpaka Bububu ushajua mmezikana wapi na mmeoana wapi. Kwahiyo mtu akikuuliza siku ya kwanza "wewe mtoto wa nani?" usione umevamiwa, anatafuta pa kukuweka. Mzee wa masjala akisikia kwenu Gando atakwambia kasoma na ami yako, na kuanzia siku hiyo ukipeleka faili kwake halilali. Swali hilo lijibu lote, taja baba, taja babu, taja mtaa, na wewe muulize kwao wapi. Wenzetu wanaotoka Bara swali hili huwashtua mana wanahisi wanahojiwa, ila wakisema tu "kwetu Tanga, wazee wangu wakulima" basi, mtu karidhika, mambo yanaendelea.

Ushauri wangu mkubwa ndo huu na mengine yote yanatokea hapo: toa kidogo cha kweli mapema, kwa uso mkunjufu, halafu hapo hapo ishia. Anaeficha kila kitu, anaenuna hata akiulizwa anakaa mtaa gani, watu humtungia, na wakitunga hawatungi kizuri. Anaemwaga kila kitu nae anakuwa habari ya mjini kabla ya mshahara wa kwanza kutoka. Na anaedanganya ndo yuko pabaya kuliko wote, mana leo umemwambia huyu mume wako yuko Oman, kesho mwenzie kakuona Forodhani na dada yako akamuuliza dada yako "shemegi karudi lini?", na sasa dada yako hajui aseme nini na wewe unatakiwa ukumbuke ulimwambia nani nini. Ukweli mfupi haukuchoshi namna hiyo.

Maswali ya ndoa na watoto ndo mengi na ndo yanaoumiza. Penyewe ni chai ya saa nne. Watu wamezunguka meza, chapati, mbaazi za nazi, thamosi inapita mkono kwa mkono, na bi mkubwa mmoja anakutazama tumboni mbele ya kila mtu: "Mwanangu, harusi ile mwaka sasa, mbona kimya?" Hapa wapo wanaokasirika wakajibu kwa ukali, na bi mkubwa akavunjika uso, basi hapo umejitafutia adui mwenye miaka ishirini ya kazi na kila mtu atamuonea huruma yeye. Wapo na wanaoanza kueleza, vipimo, daktari kasema nini, mume kasema nini, na jioni yake maelezo yote yako Mwanakwerekwe sokoni. Nilikuwa na mwenzangu kazini alikuwa analiweza hili khasa. Akiulizwa huinua mikono miwili kama anaepokea dua, anasema "Bibi niombee, dua ya mkubwa haipotei", na hapo hapo, hata pumzi hajavuta, "na yule mjukuu wako wa Wete kashaanza kutembea?" Bi mkubwa anaanza habari ya mjukuu, alivoanguka, alivoota meno, chai inaendelea. Wiki ijayo akiulizwa tena jibu lile lile, mikono ile ile. Baada ya mara kadhaa watu walichoka wenyewe mana hawapati jipya. Jibu moja lisilobadilika lina nguvu sana, ukibadilisha kila siku unawapa watu kazi ya kulinganisha.

Na hapa naomba niseme na sie wenyeji, mana wageni peke yao hawawezi kulirekebisha hili. Kuna mwanamke kaja kazini leo na mimba imeharibika juzi, hajamwambia mtu, kajipaka wanja kaja kukaa kwenye kiti chake ili siku ipite, na wewe unamuuliza mbona kimya. Huwezi kujua, basi usiulize. Na akija aliefiwa na mume, kamaliza eda yake miezi minne na siku kumi, usimpokee mlangoni kwa "utaolewa tena?"

Wasioolewa na hasa wanaokaa peke yao nyumba ya kupanga, swali lenu ni "unakaa na nani?" Hili kwa mtu mnaefahamiana vizuri jibu, kwa wengine sema mtaa tu, "nakaa Fuoni", kama mtu anaendelea kuchimba mwambie "nakaa na watu wazuri alhamdulillah" na uinuke ukafanye kazi yako. Nyumba namba ngapi, karibu na duka gani, saa ngapi unarudi, hayo msiyaseme kwa mtu mliemjua juzi, na hili nasema kwa usalama wenu zaidi kuliko umbea.

Afu lipo la "nani kakutia?" Yani kazi umeingia kwa mlango wa nani. Utaulizwa, tena wengine watakuuliza kwa kicheko kama mzaha. Jibu ni moja: niliomba, niliitwa kwenye usaili, nikapata. Nyamaza. Usianze kuapa wallahi billahi, wala usiorodheshe vyeti vyako, ukijitetea sana mtu anahisi kagusa penyewe. Jibu lako la kweli watu wataliona baada ya muda kwenye kazi unayoifanya. Na hata kama una ndugu mkubwa pale, usimtaje kabisa wala usimtumie kutishia watu, ukimtaja mara moja tu kila utakachofanya kwa jasho lako kitaandikwa jina lake.

Ramadhani ina lake na wanaume naomba mlisome. Mchana wa mfungo huku kwetu mtu hali hadharani, kila mtu anajua, sasa dada mmoja anaonekana kaingia chumba cha nyuma na chupa ya maji, na kijana mmoja anampigia kelele ukumbini "hee, leo hufungi wewe?" Mtu mzima mwenye mama na dada nyumbani anauliza swali hilo. Dini yenyewe imempa udhuru na haikumtaka aueleze mbele ya makarani. Wewe dada ukiulizwa sema "nna udhuru" mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, usicheke wala usione haya, na usijilazimishe kukaa na njaa siku nzima ili watu wasijue siku zako. Mgonjwa wa sukari nae vile vile, udhuru ni udhuru. Na wenzetu Wakristo wanaoulizwa "utasilimu lini?" kila mwaka, wengi wanaouliza wanakutakia kheri kwa imani yao, shukuru kwa upole, sema "mie na dini yangu tuko salama" na muombe akupe lile faili. Mkikaa hivyo kwa adabu hata iftari mtaalikwa, mwende, chakula ni kingi.

Siasa nitaisema polepole. "Wewe upande gani?" linaweza likaja kwa sauti ndogo tena likaja na tabasamu, lakini si swali dogo hapa. Muulizeni mtu mzima yeyote wa Pemba, baada ya uchaguzi wa 1995 watu walifika kususiana, dukani hawanunuliani, mpaka mazikoni wengine hawaendeani, jirani na jirani. Ikabidi yaje maridhiano na kura ya maoni ya Julai 2010 ndo tukapata Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Meza ya pili yako anaweza kuwa amekaa mtu alieyaona yale na macho yake, upande huu au ule. Kwahiyo kazini usiulize na usijibu. "Kura yangu ni siri yangu" inatosha, na ukiwa unachangia vitu vya chama kwenye simu yako basi kumbuka grupu la kazini linasomwa na wote.

Pesa haina mengi. Mshahara wako usiutaje, karatasi ya mshahara usiiache kwenye printa, mkopo wa benki usiutangaze, mana siku hiyo hiyo kuna mtu atakuja kukukopa na ukimnyima anakuwa na la kusema.

Sasa maneno yenyewe. Sote tuliosoma chuoni, yani madrasa, tunaijua Suratul Hujurat aya ya 12, inayomfananisha msengenyaji na mtu anaekula nyama ya ndugu yake aliekufa, na bado inafika saa nne tunakaa tunakula. Mgeni wewe ndo utajaribiwa kwanza, utaletewa habari za watu wiki ya kwanza tu, "jitahadhari na fulani", "fulani na bosi wana lao", na mletaji anakutazama usoni aone utasema nini. Ukitia neno, hata "ee kweli?" tu, kesho inafika kwa mwenyewe kwamba wewe ndo umesema. Mie huuliza kitu kimoja, "kakwambia mwenyewe?", bila ukali. Akisema hapana, basi namwambia "tumuachie mwenyewe" na tunazungumza mengine. Inafanya kazi mana mletaji anajua kwangu haliendi mbele wala halirudi, kwahiyo haoni faida ya kuleta. Utakosa baadhi ya mazungumzo, ni kweli, na siku za mwanzo utajihisi uko pembeni, vumilia, wale wenye akili zao watakuja kwako wenyewe mana wanajua siri inakaa.

Zamani fumbo lilivaliwa kwenye kanga, mtu ananunua doti yenye jina lake, yani yale maneno yalioandikwa kwenye kanga, anakuja nalo harusini ulisome. Saivi linawekwa status ya WhatsApp. Utaliona limewekwa saa mbili asubuhi na utajua ni lako. Usijibu kwa status, usipige skrinshoti ukampelekea mtu, mpite mwenzio korido umsalimie kama jana. Fumbo lisilojibiwa mwandishi wake anabaki anaangalia nani kalisoma. Kama linajirudia basi mfuate mwenyewe, peke yenu, si mbele ya watu na si kwa ujumbe wa simu, umwambie "nimeona hili na hili, kama nimekukosea niambie nikuombe radhi, kama sijakukosea naomba tuache." Wengi huishia hapo. Yasipoisha kila afisi ina mtu mzima mmoja anaeheshimika na pande zote, hata kama cheo hana, mwende kwake awakalishe. Sulhu ya mtu wa namna hii huku kwetu inashika kuliko barua ya onyo.

Ila si kila kitu cha sulhu. Dada wa hoteli anaeambiwa kila siku ana mahusiano na wageni kwa sababu tu anaongea kiingereza kizuri na wageni wanamuachia bakshishi, mtu anaetangazwa ana maradhi fulani, mjamzito anaeambiwa nafasi yake atapewa mwengine, mkubwa wa kazi anaetaka kujua mambo ya kitandani ya mfanyakazi wake, hayo yameshatoka kwenye umbea. Andika tarehe, andika maneno yenyewe yalivosemwa, andika nani alikuwepo, upeleke kwa afisa utumishi kwa maandishi na ubaki na nakala. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, imekataza ubaguzi kazini, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 imempa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na mambo ya familia yake. Ukienda na tarehe na mashahidi unasikilizwa tofauti kabisa na ukienda na machozi peke yake, ingawa machozi yenyewe ni haki yako.

Na jambo ambalo wengi hulisahau, nyumbani. Neno likizushwa afisini Vuga asubuhi, kwa ukubwa wa mji wetu linaweza kufika kwa mama yako au mume wako kabla hujapanda daladala ya kurudi, na litafika limeshaongezwa. Kwahiyo ukisikia umezushiwa jambo usiseme "litapita" ukanyamaza nyumbani kwa aibu. Siku hiyo hiyo mpigie simu mama, mwambie mume, mwambie kaka yako mkubwa, "mama, kuna neno hili linasemwa kazini, halina ukweli, nimekwambia mie mwenyewe ili ukilisikia lisikushtue." Shoga yake atakapokuja jioni kuleta habari, mama atakuwa analo jibu.